Kadi ya Pikipiki ya Mjomba

Mjomba wangu alipofariki, pikipiki yake ilikuja kwangu bila mjadala. Huku kwetu Newala mali ya mjomba humfuata mtoto wa dada yake, na dada yake alikuwa mmoja tu, mama yangu. Mjomba aliinunua kwa Mzungu wa mradi wa karanga kule Nachingwea, mradi ulipokufa na Wazungu wakawa wanauza kila kitu hadi vitanda. Walipeana mikono, basi. Karatasi hakuna. Mzungu akarudi kwao.

Mimi pikipiki ile sikuipendea mbio. Niliipendea maji. Bomba lilikuwa halijafika kijijini kwetu, na mama, ambaye magoti yake yalikwisha kuchoka, alikuwa bado anashuka bondeni na kupanda na debe kichwani. Nilifunga madebe mawili ubavuni mwa pikipiki, mama akapumzika. Ilikuwa hivyo mpaka askari aliponisimamisha na kuniuliza kadi. Pikipiki ikabaki bomani, mama akarudi bondeni.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda na kurudi. Karani wa boma, mtu wa bara, mpole wa kuudhi, aliniambia nikaulize Masasi, huenda Mzungu aliiandikisha huko. Nikapanda lori la korosho hadi Masasi. Wakapekua, wakasema njoo wiki ijayo. Nikaja. Wakasema haipo. Nikarudi Newala na vumbi mpaka kwenye meno.

"Marehemu ameacha mtoto?" karani akauliza.

"Ameacha. Yuko Chiwata, kwa watu wa mama yake."

"Basi mwenye mali ni huyo. Aje aape."

"Kwetu mtoto harithi, bwana. Anarithi mpwa. Mpwa ni mimi."

Aliinamia karatasi yake, akaitazama juu na chini kwa dhati kabisa, nadhani alikuwa ananitafuta. "Mpwa sina mahali pa kumwandika," akasema.

Nilichoka. Ningeweza kumwomba liwali barua ya kuthibitisha mila zetu, lakini liwali alikuwa safarini, hakuna aliyejua atarudi lini, na mama alikuwa bondeni. Nikamfuata binamu yangu Chiwata.

Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Pikipiki yenyewe alikuwa anaiogopa. "Mimi niifanyie nini? Kwetu kisima kiko nyuma ya jiko. Shangazi asihangaike bure, twende nikaape." Akaapa bomani kwamba pikipiki ni yake, kadi ikatoka kwa jina lake, naye akanikabidhi pale pale nje ya mlango. Sisi tuliona ile ni karatasi ya serikali tu. Mambo ya nyumbani yanajulikana nyumbani.

Lakini binamu ni mtani, na hakuniacha salama. Kila msiba, kila jando, alinionyesha watu: "Mnamwona huyu? Dereva wangu. Pikipiki ni yangu, nimemwajiri tu abebe maji!" Watu walikuwa hoi. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti.

Kisha binamu akaugua homa, akafa. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia mjomba. Matanga yalipokwisha wakaja vijana wawili, watoto wa dada yake wa mama mmoja, baba mbali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Tumekuja kufuata pikipiki ya marehemu mjomba wetu."

Hawakuja kwa shari. Tangu wadogo walisikia kwa masikio yao kwamba pikipiki ni ya mjomba wao, na mimi nimesimama hapo hapo nacheka. Kadi nayo ilisema vile vile. Niliwaeleza habari ya Mzungu, ya Masasi, ya karani, ya kiapo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu anayemsingizia maiti. Walisikiliza kwa adabu, wameinamisha vichwa. Nilikuwa na hasira na karani, na binamu na kicheko chake, na safari zote zile za lori.

Mama alikuwa mkekani anachambua mbaazi. Hakuinua uso.

"Mtoto wa kaka yangu aliapa kwa ajili ya magoti yangu," akasema. "Hataitwa mwongo akiwa kaburini. Wape."

Nikafungua madebe, nikawapa kadi. Walihangaika kuiwasha, ikawakatalia, maana ilikuwa na ukorofi wake. Ikabidi niwawashie mwenyewe. Wakashukuru, wakaondoka.

Alfajiri yake nilimkuta mama mlangoni na debe lake. Nilimpokonya, nikamwambia nitakwenda mimi, abaki alale. Akaingia ndani, akatoka na debe la pili. Tulishuka bondeni, yeye mbele, taratibu, mkono mmoja kwenye goti.