Punje Zilizopasuka Ndani ya Ganda

Kaka yangu alimpiga ngumi mwenye mashine ya kukobolea mbele ya wateja wote, na damu ikadondokea mchele wa harusi ya dada yetu.

"Mashine yako inatafuna," alisema, akiwa amemkaba shingo.

"Mimi nakoboa nilicholetewa, mwanangu," alijibu mzee yule kwa shida. "Ngumi zingekuwa zinakoboa, ningekuajiri."

Watu walicheka. Kaka akampiga tena. Nilipomshika kiuno, kiwiko chake kilinipasua mdomo.

Mchele ulikuwa chenga tupu. Kwetu Mwaya, kuwapelekea wakwe chenga ni kuwaambia kwamba binti mnayewapa alilelewa kwa makombo. Dada alichukua mpunga ambao haujakobolewa, akamenya ganda kwa kucha. Punje ilimwangukia kiganjani vipande viwili. Akamenya nyingine, ikawa hivyo hivyo. Kaka alitazama, akamwachia mzee.

Kaka alikuwa ameuacha mpunga shambani muda mrefu baada ya kuiva, kwa kuwa mkavu ni mwepesi kuutoa kwenye tope, na hupukutika kwa fimbo chache. Mimi niliyesomea kilimo nilimwonya: jua huukausha kupita kiasi, usiku hunywa umande, mchana huungua tena, na punje hupasuka kabla mashine haijaigusa. Aliniuliza kama chuoni walinifundisha pia kubeba magunia.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha shamba, kwenye kivuli cha mikakao, ambacho kilichelewa kuiva. Tulikikata asubuhi iliyofuata. Kaka aliupiga mpunga huo kana kwamba masuke yalimtukana. Fimbo ilivuma, punje ziliruka hadi usoni mwetu. Dada aliikamata fimbo ikiwa juu.

"Kaka, hata huu unavunjika."

Alivuta, dada hakuachia. Hatimaye kaka alivua viatu, akaufikicha kwa miguu taratibu. Tukauanika kwenye turubai, tukiugeuza mara kwa mara na kuufunika jua lilipokuwa kali.

Mzee wa mashine, mdomo ukiwa umeshonwa, aliukoboa bila salamu. Ulitoka mzima, unateleza mkononi, na ulitosha sinia za wakwe.

"Ndaga, baba," kaka alishukuru kwa Kinyakyusa, akanyoosha mkono, vifundo vikiwa bado vimevimba.

Mzee aliuona ule mkono ukija, akaufunika uso wake.