Waya wa Mizunguko Mitatu

Mimi sikusoma, na magari yanayopita mikononi mwangu kwa wiki hata siyakumbuki, lakini Ngarenaro nzima hakuna mkono unaojua gia kama huu wangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Jumamosi Mzee Mbise, mkulima wa kahawa kutoka mlimani, aliniletea lile gari lake la Kimarekani linalobadili gia lenyewe. Binti yake alikaa nyuma na shela lake, wanakwenda kanisani kufunga ndoa. Kila gia ilipoingia, gari liliruka kama punda.

"Shikamoo, mzee. Unakanyaga mafuta kwa hasira," nikamwambia.

"Marahaba. Nakanyaga kama nakanyaga yai!"

Nikaliendesha mwenyewe kidogo njia ya Kisongo. Shingo nusura ikatike! Niliporudi nikafungua boneti. Kile kifimbo kinachotoka kwenye kabureta kuiambia gia mguu umekanyaga kiasi gani, mtu amekivuta akakikaza kwa waya. Gia inadhani dereva anakimbiza gari saa zote! Nikawaka, na watu wamejaa.

"Fundi gani huyu? Kajifunzia ufundi kwenye mkokoteni! Anyang'anywe spana! Mzee, nipeleke kwake nikamzabe kibao mbele ya mkewe!"

Mzee Mbise akakohoa. Bibi arusi akashuka, gauni kalishika mkononi, akauinamia ule waya.

"Baba, si ni huyu huyu fundi aliyetuambia wiki iliyopita, tukiona waya wa mizunguko mitatu na mkia umelala kushoto, tujue hiyo ni kazi yake?"

Nikahesabu. Mitatu. Na mkia, kushoto.