Kambare Mwenye Masharubu

Nilikuwa na miaka tisa tulipokimbia Burundi na kupokelewa na shangazi yangu, Ujiji. Siku ya kwanza shuleni nilinyoosha mkono nikasema, kwa ulimi wangu wa Kirundi, "Mwalimu, naomba karamu."

Mwalimu alivuta masharubu yake marefu. "Mmesikia? Anataka karamu! Wamekimbia vita, sasa wanataka na sherehe. Haya, rudia wenzako wasikie."

Nikarudia. Darasa zima likacheka, na mpaka namaliza la saba niliitwa Karamu. Kalamu yenyewe sikupewa.

Ukubwani nilipata kazi ya kufundisha Kiswahili katika kambi ya wakimbizi. Vitabu vya hadithi havikuwepo, nikaanza kuwaandikia watoto mwenyewe kwenye karatasi za manila. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kambare mwenye masharubu, mwalimu wa dagaa, aliyemcheka dagaa mgeni kwa matamshi yake. Niliifurahia mno kazi hiyo. Nilimnasa kambare kwenye wavu, nikampasua, nikamwanika juani, kisha nikamkaanga soko la Mwanga, masharubu yakiungua kwanza. Watoto walishangilia.

Muhula huohuo wakaja wageni wa elimu kutoka wilayani. Mmoja alikuwa yeye, masharubu yameota mvi.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia. Aliitikia bila kunikumbuka.

Nikawaambia watoto wasome hadithi ya kambare kwa sauti. Hawakuruka hata neno. Walipofika kwenye mafuta ya moto nilimkazia macho. Mkono wake ulikuwa umeshapanda kwenye masharubu, akaushusha haraka.

"Watoto waandikie vitu vya kuwajenga," aliniambia mlangoni.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, roho yangu imetulia kwa raha.

Alipoondoka, msichana mmoja aliyefika kambini majuzi tu, mkimya sana, akaniuliza, "Mwalimu, na yule dagaa? Alijua kusoma?"

Tangu kambare aliponaswa nilikuwa nimemsahau dagaa wangu; nilimtaka achekwe tu, ili nipate sababu ya kuua.

Kambare sikumfufua, wala mwenye masharubu sijamsamehe. Lakini wiki hiyo niliandika hadithi nyingine, ya dagaa peke yake: anavyojiunga na kundi jipya, anavyowafundisha wenzake maneno ya kwao, anavyoandika barua yake ya kwanza kwa mama. Ilinitoa jasho kuliko ile ya kisasi. Msichana aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimsomee tena.