Biriani ya Ushindi

Wiki iliyopita nilirudi Chatsworth, mtaa wetu wa Durban, kwa harusi ya binamu yangu, na kabla sijashuka kwenye gari harufu ilikuwa imeshanipokea. Biriani ya kwetu, ile yenye dengu ndani, ilikuwa inapikwa uani kwa kuni. Watu wa Zanzibar kwenyewe hucheka wakisikia tunatia dengu katika biriani, nawe ukitaka kucheka, cheka. Sisi Wazanzibari wa Durban tumezaliwa tukaikuta hivyo. Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha jikoni kwa bibi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa msichana mdogo mwenye ukaidi wa kutosha watu wawili.

Mwaka ule madrasa yetu ilipata mwalimu wa Kiarabu kutoka Misri. Alikuwa anasoma chuo kikuu, akipanga chumba Glenwood pamoja na wanafunzi wa Kikongo, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa chao: iko hapa, iko pale, sisi tukimcheka na yeye akicheka. Kila Jumamosi alishuka kwenye teksi na mkoba uliojaa vitabu. Utafiti wake ulihusu vita vya sitini na saba, ambamo Waarabu walishindwa na Israeli ndani ya siku chache, na jinsi kushindwa kule kulivyowabadilisha watu wake na uandishi wao. Sisi watoto tulijua kasida za farasi na panga tu. Yeye alituambia, "Mbele ya vita mashairi yetu ilikuwa na ngoma mingi. Kisha vita ngoma ilipasuka, ndiyo tukaanza kusikia watu."

Aliniteua mimi kusoma shairi siku ya kufunga mwaka wa madrasa. Alikuwa amelitunga mwenyewe, fupi tu. Ndani yake, baba yake anarudi kutoka vitani jangwani bila viatu. Mama anamkalisha kizingitini, anamwosha miguu bila kumuuliza neno, na redio ya jirani bado inatangaza kwamba anashinda. Nililihifadhi kwa Kiarabu, kisha akanisaidia kulifasiri kwa Kiswahili, maana wazazi wetu wengi walikuwa wanakisoma Kiarabu bila kukielewa.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati ya madrasa alipokasirika. Kiarabu hakikumsumbua, kwa Kiarabu ungeweza kuwasomea watu bei ya vitunguu wakaitikia amina. Alichokataa ni Kiswahili. Alimwambia mwalimu kwamba shairi lisomwe bila tafsiri, la sivyo muhula ujao atafute madrasa nyingine. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba atatafuta. Mimi nililia kwa hasira, kwa sababu nilimpenda mwalimu yule na sikutaka aende popote.

Jioni yake mwenyekiti akaja kwa bibi kumwomba anikanye. Bibi alikuwa anachambua dengu kwenye sinia, mimi kando yake nikitoa mawe. Mwenyekiti alilalamika kwamba watu wanakuja kufurahi, na mwalimu anataka kuwaletea matanga. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, kisha akaanza kusimulia jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia.

Mwaka wa vita hivyo, alisema, haukuwa umepita muda mrefu tangu serikali ya makaburu iwatoe kwao Bluff na kuwatupa Chatsworth. Jioni wanaume walijazana kwa jirani mwenye redio kubwa, na kijana mmoja aliyejua Kiarabu akawafasiria. Kila alipofumbua mdomo, ndege za adui zilianguka. Wanawake wakachanga mchele na nyama, wakapika biriani ya ushindi, mtaa mzima ukala, watoto wakacheza barabarani. Baadaye gazeti likaja na ukweli. Walipokuwa wanaloweka mchele, ndege za Misri zilikuwa zimeshateketea kiwanjani, hazikupata hata kuruka. Masufuria yakaoshwa kimya kimya, na hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

"Tulikuwa tumetolewa kwetu," bibi alisema. "Tulitaka mtu wetu yeyote, mahali popote, ashinde. Hilo si kosa." Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, mwanangu, ulitufasiria sawasawa. Redio ndiyo iliyosema uongo. Aibu hiyo si mzigo wako. Itue."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini, akainuka. Mtu yule wa kanzu iliyonyooka, ambaye tulikimbia tukimwona kwenye kona, ndiye aliyekuwa kijana wa redio. Aliaga bila kusema ndiyo wala hapana. Bibi akaniambia nisome kwa lugha zote mbili, na nikithubutu kusita atanifinya tukirudi nyumbani.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Nilisoma Kiarabu bila kukosea, na watu wakaitikia amina kama nilivyotarajia. Nikavuta pumzi nianze Kiswahili. Mwenyekiti akasimama. Niliapa moyoni kwamba hata akinivuta mkono, nitasema huku nikiburutwa.

Hakunivuta. Alikuja kando yangu, akaniomba nirudie mstari wa kwanza kwa Kiarabu, kisha akaufasiri yeye mwenyewe. Nikasoma wa pili, akafasiri. Tulipofika kwenye redio ya jirani alinigeukia, akaniomba niurudie mstari ule. Kisha akausema mstari wote, neno kwa neno. Hakuna aliyeitikia amina. Wazee walikuwa wanajifuta macho.

Mwalimu alibaki nasi mpaka alipomaliza masomo, akarudi kwao. Bibi hayupo tena, mwenyekiti hayupo, na pale palipokuwa na madrasa sasa wanauza simu. Vita vingine vimekuja, na kila mara kuna redio ya jirani. Kiarabu cha shairi lile nimekisahau, na inaniuma. Lakini Kiswahili cha mwenyekiti ninacho chote. Nimewafundisha wanangu, na anayeishia njiani kabla ya mstari wa mwisho, namwanzisha upya.