Mtoto Aliyefundishwa Hodi

Fundi cherehani alikuwa akigeuza ukosi wa shati simu ilipolia. Alipoondoa mguu kwenye cherehani, ule mngurumo wa angani uliofunikwa na kelele za cherehani tangu asubuhi ukamjaa masikioni. Mtaani walikiita Mbu, hicho kindege kisicho na rubani. Afadhali mbu wa kweli, unaweza kumpiga kofi.

"Mama, nenda kwa shangazi sasa hivi. Usimwambie mtu." Alikuwa mwanawe wa pekee, askari.

"Mnawalenga wale wapangaji wa chumba cha mwisho humu ndani?" alinong'ona.

"Ondoka tu, Mama."

"Na Mama Pacha na wanawe? Wametenganishwa na ukuta tu!"

"Watu wakianza kuhama, wale watatoroka. Walilipua soko, Mama. Watalipua jingine."

"Basi njooni kwa miguu, kama wanaume. Zamani hata mlipa kisasi alibisha hodi, akaona kwanza nani yumo."

"Tukija kwa miguu, Mama, anayetangulia mlangoni ni mimi."

Ni yeye aliyekuwa akimrudisha mtoto huyu nje kila alipoingia kwa pupa, mpaka abishe hodi mara tatu. Adabu ya namna hiyo siku hizi imebaki kwa wajinga. Wenye akili huua kutoka mawinguni, kisha hunawa mikono na kwenda kula.

Kivuli kikaziba mlango. Akasukuma simu chini ya vitambaa.

"Mama fundi, nipunguzie pindo," alisema mpangaji mmoja wa chumba cha mwisho, akimpa suruali. "Nitapitia jioni. Usinivalishe kaptula tu!"

"Haya, mwanangu." Lilimtoka lenyewe. Pacha mmoja alikuwa amejificha nyuma ya mguu wa yule mtu, akicheka, akimkimbia mwenzake.

Walipoondoka, aliitoa simu kwa mikono miwili.

"Mama, upo?"

"Nipo. Na siendi kokote. Waambie wakubwa wako kwamba mama yako yumo ndani."

"Mama, unaniua!"

"Sikiliza. Ukija…" Akautazama mlango. "Ukija kwa miguu, baba, usibishe hodi."

Akakata simu, akakanyaga cherehani kwa nguvu asiusikie ule mngurumo. Mshono ukaenda upande.