Karatasi za Nakubali Kabisa

Mwalimu mkuu aliniambia waziwazi: nisipomwonyesha kwamba wanafunzi wanalitaka somo la kompyuta, mwaka ujao halitafundishwa, na chumba changu kitakuwa stoo ya madawati. Kompyuta saba zilizomo nilizipata kwa kuombaomba kampuni za malori huko Shimanzi. Nilizipangusa vumbi kwa mikono yangu. Hofu ya kuzipoteza ilinikosesha hata hamu ya kula.

Basi nikaandika hojaji yenye sentensi kumi na tano, kila moja mwanafunzi aitilie alama: nakubali kabisa, sina hakika, sikubali kabisa. Nikawagawia kidato cha pili, nikasimama mbele yao kama mpishi anayengoja wageni wasifu pilau yake. Hapo ndipo nilipokosea.

Karatasi zote thelathini na nane zilirudi na "nakubali kabisa" kutoka juu hadi chini. Nilikaribia kupiga vigelegele, kisha nikaona sentensi ya saba, niliyoiweka makusudi kuwapima kama wanasoma wanachojibu: "Somo hili linanichosha." Nakubali kabisa. Ya kumi na moja: "Ningefurahi likiondolewa." Nakubali kabisa. Niliziweka karatasi mezani. Nami ni mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyelelewa kama wao kutomwambia mkubwa "hapana" usoni. Nilitarajia nini?

Kesho yake niliwabembeleza wajaze upya, bila majina, nikatoka nje. Nilisimama barazani nikimwomba Mungu.

Karatasi aliniletea kiranja wa darasa, msichana hodari kuliko wote katika kuandika programu. Alizikumbatia kifuani, hataki kunipa.

"Mwalimu, tafadhali usizisome leo."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Jana walikubali kwa sababu ni wewe uliyeuliza. Wewe wakupenda sana. Lakini wengi hawajagusa kompyuta tangu muhula uanze. Waketi nyuma, watazama migongo yetu."

"Na wewe?"

"Mimi nalipenda, mwalimu." Akainamisha kichwa. "Lakini mimi, wewe wanikalisha mbele."

Mimi ndiye niliyewapanga wanafunzi saba hodari kwenye kompyuta saba kila kipindi, ili akija mgeni nionekane nafundisha. Nilimpokonya zile karatasi nikazipeleka kwa mwalimu mkuu bila kuzisoma, nikamwambia kwamba kama hawalitaki somo, watoto hawana kosa, kosa ni langu.