Damu ya mbwa wetu ilikoma, mama mkwe akafungua mlango (Bura, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Nimesoma swali la member anayetaka kumfungulia mbwa wake jike kwa sababu damu imekoma. Mkuu, kabla hujagusa komeo, soma kwanza.

Ilikuwa Bura, milimani, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu, Mwakio, alifanya kazi stesheni ya Voi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilibaki na mama yake, mjane, pamoja na mbwa jike aliyeitwa Ndovu.

Jina lilikuwa la mzaha. Alipita chini ya kigoda bila kuinama.

Shamba letu lilipakana na msitu, na nyani walijua siku ya mahindi kukomaa kuliko sisi. Aliyewafukuza ni Ndovu. Bila yeye hatukuwa na chakula cha mwaka.

Alipoingia joto mara ya kwanza, yaani kipindi cha kutokwa damu na kutaka dume, mimi sikujua lolote. Mama mkwe alisema anajua.

"Huyu ni mwali. Mwali huwekwa ndani."

Zamani kwetu msichana aliwekwa ndani kabla ya kuolewa, akalishwa vizuri, asionekane na wanaume. Basi Ndovu naye akawekwa jikoni. Akapewa uji, akatandikiwa gunia tulilolifua kila mara. Nje alitoka kwa kamba, na haja yake tuliifukia ili harufu isisambae.

Hadi hapo, utunzaji wa mama mkwe sina la kuukosoa.

Madume wakaja. Wa jirani, wa ng'ambo ya bonde, na mmoja wa kahawia kutoka mashamba ya mkonge kule chini, ambaye kichwa chake pekee kilikuwa kama nusu ya Ndovu. Walilala mlangoni, wakakwaruza ukuta. Ukienda kuchota maji wanakufuata, maana nguo zako zina harufu yake. Ndani naye analia, anazunguka, hali. Hatukuweza kuketi tukamaliza hata kumenya viazi.

Kisha damu ikapauka, ikakoma. Mama mkwe alifurahi, akampaka mafuta mgongoni.

"Amekuwa safi. Mwali akiwa safi hutolewa."

"Na hao walioko nje, mama?"

"Wamefuata damu. Damu haipo, watarudi kwao."

Akafungua.

Ndovu hakukimbia. Alisimama uani, akaupeleka mkia pembeni. Yule wa kahawia alifika kabla sijashika fimbo.

Wakagandana. Mama mkwe akakimbilia mtungi wa maji. Jirani yetu, Mzee Mwandawiro, alikuwa akipita na jembe. Aliegemea ua akacheka hadi machozi.

"Mama Mwakio! Bibi arusi umemlisha, umempaka mafuta, mlango umefungua. Sasa bwana arusi unammwagia maji?"

"Cheka tu. Nyani wakimaliza kwangu wanakuja kwako."

Kicheko kikakatika. "Basi msiwavute," akasema. "Mtamuumiza. Wataachana wenyewe."

Tangu siku hiyo sikutulia. Kila asubuhi nilimpapasa tumbo. Mimba ilikuwa imeshika. Angezaa mahindi yakiwa mabichi, na watoto wa dume lile wangepitia wapi kwa mwili ule?

Mahindi yalipokaribia, Ndovu hakuweza tena kukimbia. Alibweka ameketi, na nyani hamwogopi mbwa aliyeketi. Nilishauri tumbebe hadi shambani, abweke hata kwa kulala.

Mama mkwe alinitazama vibaya. "Wewe ukiwa na mimba nitakupeleka vitani?"

Akachukua debe tupu na kijiti, akaenda mwenyewe, na umri ule. Alishinda huko kutwa. Sauti ya kupiga kelele ilipomwisha, akabweka. Nasema kweli. Mwandawiro alikuja kuuliza mbwa mpya tumempata wapi.

Ndovu alizaa kwa shida. Mtoto mmoja tu, mkubwa, akatoka amekufa. Mama yake alilala kama gunia tupu, nami nikawa namtilia uji mdomoni kwa kijiko, nusu unamwagika. Huku jikoni nasikiliza pumzi yake, kule nje nasikiliza debe. Likinyamaza kidogo, natoka mlangoni kutazama.

Alipona. Tulivuna pungufu, lakini tulivuna. Na mama mkwe hakumwita Ndovu shambani. Aliendelea kupiga debe mpaka mbwa alipomfuata mwenyewe.

Nilichojifunza, na baadaye nikakithibitisha kwa kusoma na kwa mbwa wengine niliowafuga: damu kukoma si mwisho. Mara nyingi ndipo jike anapokubali dume. Mfungulie pale uvimbe wa uke wake utakapokuwa umeisha kabisa, anawafokea madume, na wao wenyewe wamepoteza hamu.

Wenzangu mnaofuga, ninyi mnatazama dalili gani? Na mkuu uliyeuliza, mlango bado umefungwa? Tujibu upesi.